Mrija wa Kijani

Pei-hsuan alipofunua shuka la baba yake hospitalini, aliuona mrija wa mkojo wenye ukingo wa kijani. Ulitoka kiwandani kwa mumewe.

Juzijuzi tu, maabarani, alimwonyesha mumewe bakteria wakiambaa ukutani mwa mrija kama huo, wakiogelea kupanda huku mkojo ukishuka. "Hawa watafika kwenye figo," alimwambia. Mumewe akaapa kwamba hakuna hata mmoja utakaouzwa.

Sasa paji la uso la baba lilikuwa linachoma kwa homa.

"Mumeo ndiye aliyeniletea mrija huu, mwanangu," baba alisema kwa fahari. "Mkwe ananijali huyu."

Mumewe alikuwa kando ya kitanda akimenya pera. Hakuinua macho.

Pei-hsuan alibonyeza kengele ya muuguzi.

"Tuongee nyumbani kwanza, mke wangu," mumewe alinong'ona.

Pei-hsuan hakuondoa kidole kwenye kengele.