Alichomwachia Mama

Siku Mwanamkuu alipotolewa arobaini, ndugu walimgawana: pua ya baba, macho ya shangazi, vidole vya babu. Cha mama yake, aliyefariki akimzaa, hawakukiona. Akakua akikitafuta kwenye kila kioo.

Leo, kwenye zahanati, muuguzi Bi Tunu alimfunga mkanda mkononi, akaujaza upepo, akasikiliza mapigo kwa chombo cha masikioni, akakunja uso.

"Presha iko juu, mwanangu. Kwenu yupo mwenye nayo?"

"Mama. Ndiyo iliyomwondoa."

"Basi huenda umeichukua kwake. Mara nyingine hupita kwenye damu. Lakini wewe utakunywa dawa, umenisikia?"

Mwanamkuu alikuwa amesikia neno moja tu. Kwake.

"Bi Tunu, naomba na mimi nisikilize."

Muuguzi alimwangalia, kisha akamvika kile chombo cha masikioni, akaujaza mkanda upepo tena na kuuachia taratibu. Kimya. Halafu, kutoka mbali, zikaanza hatua: du, du, du, kama za mwanamke anayekuja ukumbini peku, bila haraka.

Zilipoanza kufifia, Mwanamkuu alifumba macho, akaukamata mkanda kwa mkono wa pili.

"Usiufungue kwanza," alisema.