Vyombo Chini ya Mwerezi

Mthamini aliyeletwa na wanunuzi alikuwa ameshapunguza bei ya shamba la Bi Odessa mara mbili, kwa sababu ya kinamasi na kwa kukosa barabara. Chini ya mwerezi akapiga teke kipande cha sahani.

“Kumbe na jalala lipo,” akasema, akiandika.

Bi Odessa akakiokota kipande, akakifuta kwa aproni, akakirudisha palepale kati ya vikombe na makombe ya baharini.

“Hapo kalala bibi yake mama yangu. Vyombo alivyotumia mwisho vilivunjwa, akawekewa juu ya kaburi, ndivyo tunavyozika. Alizaliwa mtumwa, akachuma pamba ya shamba hilihili. Alikufa hati ya shamba ina jina lake.”

Kalamu ikasimama.

“Vua kofia kwanza, mwanangu. Halafu futa hilo neno.”