Nguruwe Aliyenuka Samaki

Uligeuza uso samaki walipoelea mtoni wamekufa, ingawa ulijua kiwanda kilichomwaga sumu. Ambakisye aliwazoa, akamlisha nguruwe wake.

Siku ya harusi, mpishi Tusekile alikuta Ambakisye ameshabandika nyama ya nguruwe huyo na tangawizi tele. Akashtuka: tangawizi nyingi hivyo huficha harufu. Akachoma kipande cha mafuta mabichi juu ya kaa la moto, akakinusa kama ilivyo desturi yake. Kilinuka samaki.

"Shemeji, ulimlisha nguruwe wale samaki wa mtoni?"

"Tangawizi imeshafunika. Nani ananusa harusini?"

"Wanangu wako ukumbini."

"Wape wali mtupu, basi."

Wageni walishanawa, wanagonga sahani. Tusekile akaishika sufuria kwa kanga, ikamshinda uzito.

Wewe uliyeketi karibu na mlango, unamwona. Inuka sasa hivi, shika upande wa pili, muimwage.