Aninyweshe Yeye

"Hiyo ni dawa ya kumalizia watu!" kaka yake Verdiana alifoka, kasimama mlangoni kama askari. "Jirani alipewa Jumatatu, Jumatano tukamzika."

"Jirani alikuwa anakufa tangu Pasaka, kaka. Dawa ilimkuta njiani," alijibu Verdiana. "Mhudumu wa afya alitufundisha vizuri namna ya kuwatunza wagonjwa wasiopona, pale ofisi ya kijiji. Wewe ulikataa kuja, ukasema ni uchuro kuwasomea watu habari za kufa."

"Na ni uchuro kweli!"

Verdiana alivuta dawa ya maumivu kwa kibomba kisicho na sindano, mpaka kwenye mstari alioonyeshwa. Lakini hata yeye aliogopa. Mama akifa wiki hii, ukoo wote, kuanzia kijiji cha Kimamba hadi cha Mvumi, utauliza ni nani alimnywesha nini.

Kitandani, mama yao alikuwa ameuma upindo wa khanga asije akapiga kelele mbele ya wanawe. Saratani ilikuwa imemnyima usingizi siku tatu.

Akautema ule upindo.

"Verdiana, mpe kaka yako hiyo dawa. Aninyweshe yeye. Nataka kulala, na sitaki mtu aje kukusema wewe."

Kaka akakitazama kibomba. Kisha akapiga magoti.

"Naweka wapi?"

"Ndani ya shavu. Polepole."

Akasukuma dawa yote. Mama akameza, akafumba macho.

"Asante, baba. Sasa nendeni mkagombane nje."