Mistari ya Mama

Tumpale alitafuta neno "usiogope" katika maneno yote ya mama yake, asilipate.

Nje malori yalinguruma kuelekea mpakani. Ndani ya ofisi ya wakala wa forodha, kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi, na amri yake ya grep, inayochambua mistari yenye neno unalolitaka, haikurudisha kitu. Mama hakuwa mtu wa kubembeleza.

Mama alizikwa kijijini Itaka, kahawa ikiwa bado mbichi. Jonasi, mdogo wake Tumpale, hakuambiwa. Alikuwa amelazwa Lusaka, kifua kimebondwa na usukani wa lori lake. Baba mdogo Ezron ndiye aliyekata shauri kwenye matanga: asijue mpaka akanyage nyumbani.

"Moyo wake ukishtuka," alisema, "tutazika wawili."

Ndipo Tumpale alipochukua simu ya marehemu, akahamishia kwenye kompyuta kila kitu ambacho mama aliwahi kumwandikia Jonasi. Ilikuwa mistari mifupi mifupi, kama mtu anayewatupia kuku punje. Umekula. Hiyo si sababu. Dawa chungu si sumu. Tumpale aliiona inapwaya. Kila Jonasi alipoandika, alichambua inayofaa, akaiunga kwa amri ya paste iwe ujumbe mmoja mrefu, wa mtu mwenye afya zake, akautuma kwa simu ileile. Hakuongeza neno lake hata moja. Alijiambia kwamba huko si kudanganya sana.

Jambo moja lilimpa nafuu. Jonasi, aliyezoea kupiga simu kila Jumapili baada ya ibada, hakuomba hata mara moja kusikia sauti.

Leo alikuwa ameandika: "Mama, kesho wananipasua tena. Niambie neno."

Tumpale akafuta "usiogope", akajaribu "ogopa". Ukatoka mstari. Akajaribu "kesho". Ikatoka mingine. Akaiunga yote, akaisoma:

"Anayeogopa abaki jikoni achambue maharage. Uamke kesho mapema. Uji wa kesho ni uleule, umalize."

Akautuma ujumbe huo, akageukia ukutani.

"Dada, mafua hayo au unalia?" aliuliza Agnes wa meza ya pili.

"Vumbi la malori."

Simu ya marehemu ikatetema juu ya meza. Tumpale akaifungua, ameshaanza kuwaza atafute neno gani sasa.

"Dada Tumpale. Mama hakuwahi kuunga. Alikuwa anatuma mstari mmoja, simu inalia, anatuma mwingine, inalia tena, mpaka madereva wenzangu wananicheka. Nilijua tangu ule ujumbe wa kwanza. Kesho nikiamka, nitumie mmoja mmoja."