Jua la Saa Kumi

Restuta aliingia katikati ya uwanja filimbi ikiwa bado mdomoni mwa mwalimu, akamshika mdogo wake mkono na kumtoa mchezoni.

"Saa saba hii, Emilia. Saa saba, kichwa wazi."

Wasichana wa netiboli wakacheka. Emilia alikuwa amevua kofia na kukunja mikono ya shati. Shingo ya mtoto mwenye ualbino haihitaji hata robo saa kuungua, na yake ilikwisha kuwa nyekundu. Restuta alimkalisha kivulini, ukutani mwa darasa, akatoa chupa ya losheni, akampaka shingo, masikio, hadi mgongo wa vidole.

"Sikukatazi jua," alisema. "Jua la saa kumi ni lako. Paka mafuta, vaa kofia, cheza mpaka uchoke. Hili la mchana linakula polepole, wala hulisikii."

"Usije tena shuleni," Emilia alisema bila kumtazama. "Ukija wewe ndiyo wanacheka zaidi."

Restuta akafunga chupa. Alikuwa ametoka moja kwa moja kibaruani, kwenye mashamba ya zabibu ya Miyuji, vumbi hadi magotini, kitenge kimezungushwa kichwani mpaka kwenye taya. Hakwenda tena.

Tangu mama yao afariki walikuwa wawili tu katika chumba chao cha Nkuhungu. Restuta aliondoka alfajiri, akarudi jua likizama. Kliniki iliwapa chupa mbili za losheni kila mwezi, naye alizipanga zote kwenye rafu ya Emilia, maana msichana anayepaka vizuri, asubuhi na tena mchana, chupa moja haimfikishi mwisho wa mwezi. Watu wa kanisani walipoleta kofia pana, ilikwenda kwa Emilia. Mashati ya mikono mirefu Restuta aliyashona mwenyewe, sindano ikikaribia kugusa pua.

"Na wewe, dada?" Emilia aliwahi kumuuliza, hasira zilipopoa. "Unashinda juani kutwa nzima."

"Mimi jua limeshanizoea."

Lilikuwa jibu jepesi, na Emilia aliridhika nalo. Hata Juni ilipoingia na dada yake akawa analala na kitenge kichwani, akisema baridi ya Dodoma inamwingia masikioni, hakuuliza zaidi.

Jioni moja Restuta alipitia nyuma ya shule, akasimama nje ya ua wa miti ya manyara. Jua lilikuwa limelegea. Emilia aliruka na kofia yake, mikono imefunikwa hadi viganjani, akadaka mpira, akafunga, akacheka kwa sauti akiwa katikati ya wenzake. Restuta alibaki pale mpaka mchezo ulipokwisha, kisha akawahi nyumbani kabla hajaonekana.

Emilia alipochaguliwa timu ya mkoa, ilibidi apimwe kwanza. Walikwenda kliniki pamoja. Daktari Ludovick, aliyekuwa mgeni pale, alimsogeza Emilia karibu na dirisha, akamkagua shingo, mabega, nyuma ya masikio.

"Ngozi safi kabisa, hakuna hata kidoa. Umejitunza, binti."

"Dada ndiye ananitunza," Emilia alisema. Hakuwahi kulisema hilo mbele ya mtu.

Restuta akatabasamu, akainuka waondoke. Lakini tangu walipoingia daktari alikuwa akimtazama yeye kuliko alivyomtazama Emilia, na sasa alimrudishia kiti.

"Kaa kidogo, dada. Hebu fungua hicho kitenge."

"Mimi sijaja kutibiwa, daktari. Nimemleta mdogo wangu."

"Najua. Fungua tu."

Alikifungua taratibu, kwa sababu upande wa kushoto kilikuwa kimegandia ngozini. Kilipodondoka mapajani zikatokea nywele za manjano, za rangi ileile ya nywele za Emilia, na kando ya shavu jeupe, pale sikio lilipotakiwa kuwa, palikuwa na kidonda tu.