Kanga na Viatu vya Mchuchumio

Kipupwe kilikuwa kikali mlimani, maji yakiganda mapipani na njia zikiwa tope tupu. Lakini nani angekosa harusi ya Pimbi! Kanga, apendaye kutazamwa, alivaa viatu vya mchuchumio, vyekundu, vya kisigino chembamba. Shoga yake Bata alivaa mabuti ya mpira.

"Utaniaibisha, shoga! Mabuti ya shambani harusini?" Kanga alifoka.

"Kuna baridi, shoga. Na tope hulioni?"

"Mimi leo kila mtu ataangalia miguu yangu!"

Wakapanda mlima, Kanga akizama na kuchomoka, tope likimwingia viatuni mpaka vidoleni. Waliposikia vigelegele, Kanga alitimua mbio, akawahi mlangoni.

"Karibuni, karibuni!" mama yake Pimbi aliwapokea kwa shangwe. "Vueni viatu, wanangu, mikeka ni mipya."

Bata alivua mabuti, akaingia na miguu mikavu, akakalishwa karibu na bibi harusi. Kanga akavua mchuchumio. Ngoma ikanyamaza. Kila mtu akaangalia miguu yake.

"Maji yako kwenye pipa pale nje, mwanangu," mama yake Pimbi alisema kwa upole. "Vunja barafu kwanza."